Siku moja na kibodi ya kilo mbili

Saa 12 na nusu asubuhi nimeshafungua kibanda changu hapa Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12. Nikafagia, nikanunua chai ya rangi na vitumbua vitatu kwa mama wa jirani, nikafungua daftari la kazi. Watu wakiniuliza shughuli yangu nasema fundi kompyuta, nao wanaelewa yule anayetia nyimbo kwenye simu. Sibishani nao. Ila kuna kazi moja ambayo hata mafundi wenzangu hunicheka wakinikuta naifanya, nayo ni kusafisha kibodi. "Si unapangusa tu?" Jana ilinila siku nzima, basi naiandika kama ilivyokwenda.

Saa 1 hadi saa 4: simu mbili za kubadilisha tundu la chaji, printa ya steshenari iliyomeza karatasi, laptopu ya mwanafunzi yenye virusi. Mambo ya kila siku.

Saa 4 na dakika kumi akaingia mzee mmoja, kanzu imepigwa pasi, mkononi kiroba cha salfeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nafasi ipo?"

Akakiweka kiroba mezani, kikatua kama tofali. Ndani mna kibodi ya zamani, rangi imekuwa ya chai ya maziwa, waya umejiviringa kama wa simu ya mezani. Kaitoa kwa vijana wa chuma chakavu. Wao waliipima kwenye mizani yao, kilo mbili na ushee, wakamtoza shilingi 5,000, na ile mizani ndiyo iliyomnyima usingizi.

"Kibodi ya mjukuu wangu naibeba kwa kidole. Hii kilo mbili za nini?" Akainama, akashusha sauti. "Humu mna kitu."

Nikajua tunakokwenda. Tanga hii mtu akiokota kitu kizito cha zamani haulizi kilikuwa kinafanya kazi gani, anauliza kimefichwa nini ndani. Leo rupia za Mjerumani, kesho zebaki nyekundu ya kwenye redio za mbao. Nimeshafunguzwa televisheni kwa ajili hiyo, tena za chogo zile, na nilichopata ni mayai ya mjusi.

Mimi sisafishi kitu nisichokijua. Nikaigeuza kifudifudi nikafuta lebo ya chini kwa kitambaa chenye spiriti: namba 1391401, mwaka 1989, mtengenezaji IBM. Hiyo ni Model M, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985. Ingekuwa ya baada ya 1991 huenda lebo ingetaja Lexmark, kampuni iliyozaliwa IBM ilipouza kitengo chake cha printa na kibodi. Lebo nyingine zimebanduka au ni za uongo, kwa hiyo huwa nang'oa na kofia moja ya kitufe nichungulie. Ukikuta mguu wenye umbo la msalaba, hiyo ni swichi (kile kinachobonyezwa chini ya kofia) ya kampuni ya Cherry au mwigo wake. Ukikuta kitundu cha mstatili, mara nyingi ni swichi ya kampuni ya Alps. Hapa nilikuta kibomba cheusi na springi imesimama katikati yake, peke yake, kama mche wa mkonge. Nikahesabu na vitufe: 101, hakuna cha Windows, maana hicho kilikuja miaka ya tisini.

Nikamweleza mzee taratibu. Ukibonyeza, ile springi inajipinda ubavu ghafla, inasukuma kinyundo cha plastiki, kinyundo kinabana karatasi za plastiki zenye mistari ya umeme, herufi inatoka, na ule mlio wa "ta!" unatoka hapo hapo. Uzito ni wa bati la chuma lililolala chini ya vyote.

"Umeliona hilo bati?"

"Bado, ila nalijua."

"Basi fungua tulione wote."

Tukapatana 15,000 kwa kufungua, kusafisha na kujaribu. Alianza na 3,000, akaapa, akaondoka mpaka kwenye mtaro, akarudi. Nikamwambia aje jioni. Akavuta kigoda akakaa.

Sasa nyumba ya kibodi hii imefungwa kwa boliti nne zilizozama kwenye mashimo marefu membamba, na kichwa chake si cha bisibisi, ni cha pembe sita. Inataka spana boksi ndogo, milimita 5.5, yenye shingo ndefu na ukuta mwembamba. Yangu fupi. Mji huu wa baiskeli hauwezi kukosa spana, nikavuka kwa fundi baiskeli wa ng'ambo: anayo, lakini sanduku limefungwa na yeye kaenda kuzika Chumbageni. Nikasubiri. Mzee akanisimulia habari za mtu wa Pangani aliyepata mtungi. Saa 6 ikapita. Adhuhuri ikaadhiniwa, mzee akaenda msikitini, akarudi, akakaa palepale. Saa 7 na nusu ndiyo nikaipata spana, nimeshakunywa maji chupa mbili kwa joto.

Boliti nne, nyumba ikafunguka kwa nyuma. Mzee kasimama begani kwangu napata pumzi yake shingoni. Ndani: sisimizi wakavu, nywele, punje za mchele, kucha (kucha za nani, Mungu anajua), na bati la chuma lililopinda kidogo kama mgongo wa ngalawa, pembeni limeanza kutu ya hewa ya bahari. Nikachukua sumaku ya spika kuukuu nikaibandika. Ikanata.

"Chuma, mzee. Dhahabu hainati."

Akaipapasa ile sumaku kwa muda. "Na kati ya bati na hiyo plastiki?"

Hapa ndipo nilipochoka. Bati na plastiki ya juu vimeshikanishwa kwa vipini vidogo vya plastiki, vichwa vyake vimeyeyushwa kiwandani, vipo vingi mgongo mzima. Ukitaka kutenganisha lazima uvikate vyote kwa patasi, kisha utoboe tundu kwa tundu na kutia skrubu ndogo ndogo mahali pake. Watu huifanya kazi hiyo vipini vikishakatika vingi na herufi zikianza kugoma. Hapa vilikuwa vimekatika vitatu tu. Kuikata kibodi nzima kwa ajili ya mtungi wa Pangani? Nikakataa. Akasema atalipa. Nikakataa. Akasema mali ni yake. Nikamwambia mali ni yako, mzee wangu, mkono ni wangu. Nikampa tochi, nikang'oa springi ya herufi moja, achungulie kwenye kibomba. Akakiona kinyundo. Akachungulia cha pili, cha tatu. Nilimwachia mpaka cha kumi.

Kofia zikatoka zote, baada ya kupiga picha ya mpangilio, maana ukijiamini kukumbuka unaumbuka kwenye alama. Nyingi ni vipande viwili, kofia na mguu wake. Plastiki yake ni ngumu, haigeuki njano upesi kama ya nyumba, na herufi zimezama kwa rangi ndani, hazifutiki kwa kusugua. Nikaziloweka kwenye beseni la maji vuguvugu na sabuni ya unga, mswaki moja moja, nikazisuuza, nikazianika kwenye ungo barazani. Kwenye springi maji ni haramu. Yakipenya kwenye zile karatasi yananasa, na mistari inaliwa na kutu taratibu hata kama leo inaandika. Huko ni brashi kavu na blowa tu. Nikawasha blowa, umeme ukakatika.

Nikatumia mdomo na pampu ya baiskeli. Ndiyo, pampu. Vumbi la miaka thelathini na kitu likanirudia machoni.

Sikuangalia saa tena. Jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa barabara nilipohesabu kofia kwenye ungo: 100. Nikarudia: 100. Nikapekua beseni, mtaro, chini ya meza, nikawauliza watoto wa jirani kwa ukali wasioustahili. Nikalinganisha na picha: Alt ya kushoto. Nikageuka kumwuliza mzee, kigoda kitupu.

Alirejea baada ya kama nusu saa, mpole, akaniwekea kofia kiganjani. Alikuwa kwa sonara. Kumbe bati lilipomwangusha, akahamia kwenye kofia: mbona nzito kuliko za siku hizi, mbona hazichakai, isije ikawa pembe ya ndovu. Sonara kaikwaruza kwa ncha ya kisu, kaigusisha moto ukingoni, kamwambia plastiki. Mkwaruzo upo mpaka sasa, na kidoa cha kuungua. Nilitaka kusema jambo. Nikaenda kunawa uso.

Kurudisha nako si kubandika tu. Unaisimamisha kibodi wima, mwambaa wa nafasi ukitazama juu, ili springi ikae sawa mdomoni mwa kitufe, ndipo unasukuma. Kisicholia, unakitoa na kurudia. Enta ilinitesa mara nne. Umeme uliporudi nikaichomeka kwenye kompyuta kuukuu ninayoitunza kwa ajili ya tundu lake la PS/2, lile la duara la kibodi za zamani, nikiwa nimeizima kwanza, kwa sababu tundu hilo halitaki kuchomekwa mashine ikiwa hai. Nikabonyeza moja baada ya nyingine. Zote zikaandika, zote zikalia, mpaka mama wa vitumbua akauliza mvua imeanza kwenye bati?

Mzee akajaribu kwa kidole kimoja, akaandika jina lake, akalifuta. Nikamweleza kwamba laptopu ya mjukuu haina tundu hili, atahitaji kigeuzi cha USB chenye saketi ndani, si kile kiplagi kitupu cha 2,000. Akaitikia kama asiyesikia. Akanihesabia 10,000, tano akasema kesho, akaitia kibodi kwenye kiroba.

Pale mlangoni akasita.

"Mwanangu, cherehani unafungua?"

"Cherehani ya nani?"

"Ya marehemu shangazi. Nzito mno."

Nikamwambia aje saa 2, aje na ile tano.