Sekunde 60 za kimya pale Mwanza

Hii ilikuwa 2021, Mwanza, kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia sangara. Tulikuwa tumefunga bodi ndogo ya Linux, CPU 4 na RAM ya 512MB, kazi yake kupima joto la chumba na kutuma meseji likipanda. Ilikuwa inapiga kazi vizuri tu mpaka umeme ukatike. Ukirudi, kioo kinabaki cheusi zaidi ya dakika nzima, na mzee aliyekuwa analinda usiku akiona vile anajua imekufa, anachomoa plagi anachomeka tena, inaanza upya, kimya, anachomoa tena. Usiku mmoja alihangaika hivyo karibu saa nzima, joto likapanda na hakuna meseji hata moja iliyotoka.

Asubuhi nikamkuta kakaa mlangoni. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, nimeua mtambo wenu." Iliniuma sana ile kauli, maana mzee hakukosea kitu, mashine isiyoonyesha dalili yoyote dakika nzima wewe utajuaje kama ipo hai?

Nikaichukua bodi nikaenda nayo gesti. Kwanza nikatoa neno quiet, linaloinyamazisha mashine ikiwaka, kwenye mstari wa maagizo ya keneli, yaani kile kiini cha Linux, nikaunga waya wa siriali ili nisome inachoandika kwenye laptopu, nikawasha. Mistari ikashuka ikashuka, kufika sekunde ya 3 ikasimama tuli, mstari uliofuata umeandikwa sekunde ya 63. Sasa logi inakwambia pengo lipo, haikwambii nani kalala hapo. Nikaongeza initcall_debug, hiyo inaifanya keneli itaje kila kazi ya kuanzia inapoingia na inapotoka na muda iliokula kwa maikrosekunde. Nikapitia dmesg, yaani logi ya keneli, moja imekula milioni 60 na ushee, yaani sekunde 60: draiva ya waifai, programu inayoiendesha.

Sawa, ila ndani ya draiva kuna funksheni kibao, vile vipande vidogo vya programu, ipi inayongoja? Hapo nikaingia kwenye ftrace, chombo kinachorekodi funksheni zinazoitwa ndani ya keneli, kazi ya Steven Rostedt, imo ndani ya keneli tangu 2008 na kwakweli mimi naiheshimu mno. Ugumu wa kufuatilia keneli ikiwa inaamka ni kwamba huna pa kuandikia amri, shell haipo, diski haijapachikwa, yaani haijaunganishwa isomeke, yani lazima maagizo uyaache kabla, kwenye ule mstari inaousoma ikianza. Nikaweka ftrace=function, irekodi kila funksheni, nikasubiri iwake, nikafungua /sys/kernel/tracing/trace, mstari wa kwanza kabisa mule ni wa sekunde ya 78. Mwanzo wote haupo! Bafa yake, ile sehemu ya memori inapoandikia, ni ya duara, ikijaa inafuta ya zamani iandike mapya, na CPU hata ikikaa bure bado inaita funksheni zake kila wakati, kwahiyo ule usingizi wa dakika nzima ndio ulioyafuta niliyokuwa nayatafuta.

Nikapandisha trace_buf_size, ukubwa wa bafa, hadi 64M, nikasahau kwamba hiyo ni kwa kila CPU, jumla 256MB, nusu ya RAM imeondoka, programu yetu ikakosa memori ikafa. Nikalala saa nane usiku nikiwa na hasira.

Asubuhi nikaacha kutaka kila kitu. Nikarudisha bafa ya kawaida, nikaweka ftrace=function_graph, inayoonyesha pia kila funksheni imekula muda gani, na kwenye ftrace_graph_filter nikaandika jina la funksheni moja tu ya ile draiva, ile inayotambua kifaa. Safari hii treisi, yaani ile rekodi, ilitoka fupi, ukurasa na kidogo, na pembeni ya mistari michache kuna alama ya $, ambayo ftrace inaiweka kwa chochote kilichozidi sekunde 1. Mmoja wao: request_firmware.

Nilisimama kabisa kitandani. Draiva ilijengwa ndani ya keneli kwahiyo inaamka mapema, inaomba famwea yake, yaani programu ya kupakia ndani ya kifaa chenyewe cha waifai, na famwea ipo kwenye diski ambayo haijapachikwa bado. Keneli ikilikosa faili, kwa jinsi tulivyokuwa tumeisanidi sisi, inamuomba msaidizi wa nje alilete na kumngoja sekunde 60, na huyo msaidizi naye yupo kwenye diski ileile! Diski inasubiri draiva imalize, draiva inasubiri kilichomo ndani ya diski, mpaka muda uishe ndio maisha yaendelee.

Nikaifanya draiva kuwa moduli, yaani faili la pembeni nje ya keneli, ili ipakiwe diski ikishapachikwa. Kuwaka kukashuka kutoka sekunde 74 hadi 14.

Wiki iliyofuata simu ikaita saa tisa usiku, ni mzee. "Mwanangu, umeme umerudi sasa hivi, nilikuwa nimeshashika plagi. Imewaka yenyewe."