Nilivyowafundisha watu wazima Moshi kualikana matembezi kwa Kiingereza, nikaanzia kwenye kukataa

Mwanafunzi anaweza kukariri "Let's go" na "Shall we go" usiku mmoja tu, hapo hakuna kazi. Kazi inaanza pale mwenzake anapotakiwa kumjibu. Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Moshi, maeneo ya Majengo, darasa la watu wazima, na hili somo la kupendekeza sehemu ya kwenda na kujibu pendekezo naliona linapitwa haraka sana, misemo mitano ubaoni, wanakopi, kesho topiki nyingine. Kwangu limekuwa somo linalowafungua watu midomo kuliko mengine yote, kwa hiyo naeleza nilivyolifanya, mwenye darasa kama langu achukue kinachomfaa.

Darasa langu linajaa kipindi cha masika. Kuanzia mwezi wa tatu kwenda wa tano mvua zinapiga, wageni mlimani wanapungua, na vijana wapagazi pamoja na wale wanaotaka kuja kuongoza wageni wanakuwa wapo mjini wanasubiri msimu wa mwezi wa sita. Hao ndo wengi. Afu kuna dada wa mapokezi hotelini, kuna mama mwenye duka la vitenge, na kuna mzee mmoja mstaafu ambaye wajukuu zake wamezaliwa nje na Kiswahili chao ni cha kuokoteza, yeye anataka aongee nao bila kutafsiriwa na mtu.

Kitabu tulichokuwa tunatumia kilikuwa na mazungumzo ya watu wanaopanga kwenda kuteleza kwenye barafu, ukurasa wa pili wanapanga kwenda kuangalia maigizo jukwaani. Sentensi nzuri kabisa, ila mtu hawezi kupanga safari ambayo hajui hata nauli yake. Nikaweka kitabu pembeni nikawaambia tajeni sehemu mnazoenda kweli au mnazotamani kwenda. Ubao ulijaa, Materuni kwenye maporomoko, Chemka kwenye chemchemi, Ziwa Chala kule Rombo mpakani na Kenya, Kinukamori pale Marangu, mwingine akasema kwenda kula mtori, mwingine kuangalia mpira, mwingine akasema Arusha kutembea tu, darasa zima likamwambia Arusha ni kilomita karibu 80, sasa hayo ni matembezi au ni safari.

Basi nikawagawa wawili wawili. Mmoja anasema "Let's go to Materuni", mwenzake anajibu "Yes". Kimya. Wanageuziana, "Shall we go to Chala?" "Yes." Kimya. Darasa zima hivyohivyo, kila mtu anakubali kila kitu, mazungumzo ya mistari miwili, na misemo waliyotumia haina kosa hata moja. Nikasimamisha, nikawauliza kwa Kiswahili, jamani mbona hakuna anayekataa, kweli wote mnataka kwenda Chala na mvua hii?

Majibu yao ndo yalinipa somo lote. Mama wa vitenge akasema, "Madam, mwenzangu kanikaribisha vizuri, nimwambie no mbele za watu, si nitakuwa nimemwaibisha?" Kijana mmoja mpagazi akasema yeye hata kupendekeza anaogopa, "Mi nikisema twende, madam, nauli analipa nani?" Watu wakacheka ila walimwelewa vizuri sana. Kwetu ukimwambia mtu "twende tukale" umeshajitwisha, atakayetoa pochi ni wewe. Kwa hiyo huyu kijana Kiingereza anacho, anachokosa ni namna ya kusema twende bila kubeba gharama ya watu wanne. Na yule mama anachokosa ni namna ya kukataa bila kumvunja mtu moyo. Sisi kwa Kiswahili tunazo njia, tunasema "tutaona", "Mungu akijalia", "nitakucheki", na kila mtu anajua hapo hamna safari na hakuna aliyekasirika. Sasa mwambie hivyo mgeni, "Yes, God willing", huyo atakusubiri getini saa aliyokuambia.

Nikaamua, kupendekeza kutasubiri, tunaanza na kukataa. Siku nzima ya somo tulikuwa tunakataa tu. Nikawafundisha kwamba Mwingereza naye hapendi "no" kavu, naye anazunguka, ila anazunguka kwa njia yake, anaanza kwa kuonesha amefurahi kualikwa, anatoa sababu fupi, anaweka mbadala. "I'd love to, but I'm working on Saturday. How about Sunday?" Hapo mama wa vitenge alikaa vizuri kwenye kiti, mana aliona kumbe heshima ipo palepale. Tukafanya na za kupoza, "It's a bit far for me", "I'm not sure about Saturday", "I'd rather go somewhere closer". Hiyo "a bit" niliwaganda nayo sana, mana "It's far" peke yake inasikika kama umeudhika, ukiongeza "a bit" inalainika.

Kuna kitu cha sauti hapa ambacho kwenye karatasi hakionekani kabisa. "I'd love to" ikisemwa ikashuka vizuri mwishoni ni ndiyo, twende. Ikisemwa ikabaki juu inaning'inia, jua "but" inakuja. Wanafunzi wangu walikuwa wanasikia "I'd love to" wanashangilia kabla mtu hajamaliza, kwa hiyo nikawa nasema nusu ya sentensi tu, wao wananyoosha mkono kama wanaona nakubali au nakataa. Zoezi dogo hilo, lakini dada wa mapokezi alikuja wiki iliyofuata akaniambia sasa anawasikia wageni wakikataa ofa za matembezi pale kaunta kabla hata hawajatoa sababu. Yeye pia ndo alileta "I'm down", mgeni mmoja Mmarekani alimwambia hivyo akadhani anaumwa au kakata tamaa, kumbe amekubali. Nikawaongezea na "I'm up for it" ambayo ni kukubali vilevile, wakabishana sana juu na chini zinawezaje kuwa kitu kimoja, nikawaambia shikeni tu hivyohivyo. Na "maybe another time" nikawaambia wasiiweke kwenye kalenda, hiyo ni kukataa kwa adabu, mpaka mtu ataje siku ndo ujue amemaanisha.

Baada ya kukataa tukaenda kwenye hela. Hii sijaikuta kwenye kitabu chochote nilichotumia na naona ni kasoro kubwa, mana hapa kwetu matembezi yote yanaanzia kwenye mchango. Watu wa Moshi michango ya harusi na misiba wanaijua vizuri, wanajadili bila aibu, walichohitaji ni maneno tu. "Let's share the cost." "We can each pay our own fare." "It's on me" kwa siku ile unayotaka kweli kulipa. Na kwa ambaye hana, "I'm a bit short of money this week. Is there somewhere cheaper?" Yule kijana wa nauli aliandika hizi zote kwenye mkono wa kushoto wa daftari, na kuanzia siku ile ndo akawa anapendekeza kuliko wote, "Why don't we go to Chemka? We can share the cost", anaunganisha moja kwa moja bila kuvuta pumzi.

Grama ilikuja mwishoni na ilichukua muda mfupi kwa sababu sasa walikuwa wanaihitaji. Nilichora mstari katikati ya ubao. Upande huu "Let's", "Shall we", "Why don't we", "We could", hizi zote zinafuatwa na kitenzi kitupu, "go", basi, usiweke "to" wala nini. Upande wa pili "How about" na "What about", hizi zinataka "going". Kosa lililokuwa sugu ni "Let's to go" na lilikufa kwa kurudiarudia tu. "How about we go" nayo watu wanaisema, nikawaambia mkiisikia msishangae, ila nyinyi anzeni na "going". "Why don't we" ilisumbua kidogo, mtu anaulizwa "Why don't we go to Marangu?" anajibu "Because I have no money", anatoa sababu kweli kama ameulizwa kesi. Dawa yake nilimtaka kila mtu aiseme huku anaonesha kwa mkono ishara ya kukaribisha, na anayejibu haruhusiwi kuanza na "because".

Kwa yule mzee ilibidi tusimame tufikirie. Vijana waliona haya kumwambia mzee wa umri ule "Let's go", wanamwamkia shikamoo baba halafu unamgeukia na "Let's", haikukaa. Na walikuwa sahihi, mimi mwenyewe nisingemwambia hivyo. Tukachukua "Would you like to join us, sir?" na "We're thinking of going to Chemka. Would you like to come?" Hii ya pili nimeipenda mno, inamwachia mtu nafasi kubwa ya kukataa, na inafaa pia kwa bosi, kwa mgeni wa hoteli, kwa mchungaji. Mzee mwenyewe alikuwa anawajibu "I'd be delighted", sijui aliitoa wapi, mimi sikumfundisha, na darasa zima likaanza kuitumia.

Saa nisiisahau. Mkipanga matembezi lazima mtaje saa, na hapa ndo watu wanaachwa na gari. "Let's meet at one" kutoka kwa mtu aliyekuwa anawaza saa moja asubuhi, mgeni atatokea saa saba mchana. Sheria yangu ni kwamba sentensi ya saa lazima imalizike na "in the morning" au "in the afternoon", na ukiitaja unaangalia saa ya simu yako, basi.

Halafu nikawaambia sasa tunapanga safari ya kweli, kwenye grupu la wasap, kwa voisi, Kiingereza kitupu, na kuna masharti mawili, huruhusiwi kujibu "yes" peke yake na huruhusiwi kujibu "no" peke yake. Siku zile simu yangu ilikuwa haipoi. Materuni ilipendekezwa kwanza, dada wa mapokezi akaikataa, "That sounds nice, but the path is muddy in this rain", ambayo ni kweli kabisa, masika kule njia inakuwa telezi. Kuna aliyetaka Chala, wakamwambia "It's a bit far". Chemka ikashinda, ipo upande wa Hai, unapitia Boma Ng'ombe, na watu wakaanza kuulizana vya maana, nani amewahi kufika, kiingilio, nani anajua mwenye noah ya kukodi, chakula tunabeba au tunanunua. Mwisho wakakubaliana Jumapili baada ya ibada, "Let's meet at one in the afternoon", kila mtu achange. Mimi kwenye mpango mzima nilisema sentensi chache sana.

Tulienda. Maji ya Chemka ni ya uvuguvugu na meupe mpaka unaona chini, kuna samaki wadogo wanadonadona miguu, vijana walikuwa wanarukia kwenye kamba na mama wa vitenge alikaa pembeni na hotipoti yake ya chapati. Palikuwa na dada wa kizungu amekaa karibu anavaa viatu, na mama bila kuniangalia wala kuuliza mtu akamwambia, "Why don't you eat with us? We have a lot." Yule dada akasema, "Oh, I'd love to, but our driver is waiting." Niliangalia uso wa mama. Hakuonekana kuumia hata kidogo, akamwambia, "That's a pity. Maybe another time", kisha akafunga chapati mbili kwenye leso ya karatasi akampa, "for the road". Yule dada akazipokea kwa mikono miwili. Nimefundisha miaka kadhaa na sijui kama kuna mtihani ungenionesha zaidi ya pale, mtu anaalika, anakataliwa, anaelewa amekataliwa kwa heshima, na maongezi yanaendelea.

Bado kuna vitu havijakaa. Kumsimulia mtu mwingine pendekezo kunawachanganya, wanasema "She suggested us to go" badala ya "She suggested going", hiyo nitaipa nafasi yake. Na watu watatu au wanne wakipanga pamoja, yule mpole anamezwa, kwa hiyo nafikiria kumpa mpole ndo kazi ya kukataa kwanza. Mzee naye ameniomba mazoezi ya simu ya video, mana wajukuu wakimuuliza "Do you want to come and visit us, grandpa?" anabaki na "yes" yake ileile, na yeye anataka kuwaambia waje wao huku mwezi wa kumi na mbili, wakati ukoo mzima unapanda Moshi kwa sikukuu. Tumeanza na "Why don't you come here for Christmas?" na bado anaifanyia mazoezi kila akifika darasani kabla wengine hawajaja.