Kizimba cha kinyonga lazima kikauke

Anayejenga kizimba cha kinyonga mara ya kwanza huwaza taa na joto. Hivyo ni vitu vya kurekebisha hata baadaye. Maji na hewa ndivyo vinavyoamuliwa siku ya kukata mbao. Kinyonga kwa kawaida hanywi bakulini. Hulamba matone kwenye majani, kwa hiyo kila siku utamwaga maji humo ndani, na kabla hujamwaga tena kila kitu kinatakiwa kiwe kimekauka. Kisipokauka, mbao zinaoza, kuvu inaota, na mnyama anavuta hewa nzito hadi mapafu yanaugua. Ukimwona ameinua pua juu na kuachama mdomo ilhali hana joto, tatizo limeshaingia.

Vipimo vya hapa ni sm 60 kwa 60, kimo sm 120, vinavyomtosha dume mzima wa kinyonga wa Yemen (Chamaeleo calyptratus). Kizimba kimoja, kinyonga mmoja. Wawili watasumbuana hata wasipogusana, kwani kuonana tu kunatosha.

Fremu ni mbao za 1 kwa 2, yaani kama sm 2.5 kwa 5. Nguzo nne za sm 120, upande mpana ukitazama mbele na nyuma. Mbao za kulala za mbele na nyuma ni nne za sm 50. Za ubavuni ni nne za sm 55. Mbele ongeza moja ya sm 50 katikati, ili upate uwazi wa sm 75 juu na sm 30 chini, kila mmoja na mlango wake. Ukijumlisha na fremu za milango utatumia zaidi kidogo ya mita 13, basi nunua 15. Mlango wa chini usiuone anasa: ndio unaokuwezesha kusafisha sakafu bila kuingiza mkono mbele ya uso wa mnyama.

Milango iwe midogo kuliko uwazi wake kwa milimita 3 kila upande. Mbao ikipata maji huvimba, na mlango uliokaa vizuri dukani kwa fundi utagoma baada ya mwezi.

Paka vanishi ya maji kabla ya kuunga, si baada. Maji hayaingii sana kwenye uso wa ubao. Yanaingia kwenye ncha iliyokatwa, pale unapoona vitundu vidogo vya nyuzi, na ukishaunga ncha hiyo brashi haiifikii tena. Ncha zipake mpaka ziache kunywa, halafu uso mikono mitatu, ukipitisha msasa laini kati ya mkono na mkono. Iache ianikwe mpaka usisikie harufu hata ukiweka pua karibu. Plaiwudi usiilete humu hata ikipakwa vipi, itachanuka kingo.

Toboa kwanza kwa keekee ya mm 3 ndipo ukaze skrubu, maana ubao mwembamba hupasuka nchani. Pembe za mbele na nyuma zikaze kwa vyuma vya kona visivyoshika kutu.

Sasa wavu. Wavu wa nailoni wa kuzuia mbu madirishani ni rahisi kufunga na ndio kosa linalorudiwa kuliko yote: kucha zinaung'ang'ania na kukatika, nyenje wa kumlisha wanautafuna. Chukua wavu wa waya wa matundu ya mm 6, uliovikwa plastiki ukiupata. Wa mabati mtupu usugue kwa brashi na siki, uusuuze, uondoe unga na vipande vya zinki vinavyobanduka. Mita 5.5 za upana wa sm 60 zinatosha pande tatu, juu na milango. Ufunge kwa nje kwa pini za stepla kila sm 4, kisha ncha zote kali zifunikwe kwa vibao vyembamba. Wadudu watapenya matundu hayo. Ndiyo sababu chakula huwekwa kwenye kikombe kirefu chenye kuta laini, si kuachiwa kizimbani.

Chumba kikiwa kikavu mno, ziba mgongo na mbavu kwa karatasi ngumu ya PVC ya mm 3. Paa na mlango wa chini vibaki wavu: hewa ya moto inatokea juu na kuvuta hewa mpya chini. Ukiziba na mlango wa chini umejenga sanduku.

Sakafu ni PVC ya mm 5 iliyolala juu ya vibao vya ndani, nyuma ikiinuka sm 1.5 kuliko mbele. Kona ya mbele iliyo chini kabisa toboa tundu la mm 25, lifunike kwa kipande cha wavu lisizibwe na majani, na ndoo ikae chini yake. Ziba kingo kwa silikoni ya matangi ya samaki. Silikoni ya bafuni mara nyingi ina dawa ya kuua kuvu, iache huko huko bafuni. Udongo wa kutandaza hauhitajiki.

Matawi yakazwe kwa skrubu kutoka nje kupitia fremu, kamwe yasining'inizwe kwenye wavu. Changanya unene wa kidole kidogo hadi wa kidole gumba. Yalale zaidi kuliko kusimama. Tawi la kuota joto liwe sm 20 hadi 25 chini ya paa. Pima kutoka taa hadi mgongo wa kinyonga, siyo hadi tawini, kwa kuwa mgongo ndio unaoungua. Balbu ya joto iinue sm 6 juu ya wavu, maana atapanda paa na kuning'inia. Mgongoni kwake isizidi nyuzi 32. Taa ya UVB, yaani ya miale ya urujuanimno kama ya jua, ni tyubu ndefu nyembamba (T5) iliyoandikwa asilimia 6, juu ya wavu. Kioo kikikaa katikati kinaizuia karibu yote. Ibadilishe kila mwaka hata kama bado inawaka.

Mimea iwe ile isiyodhuru akiila, kwani wa Yemen hula majani: haibiskasi au Ficus benjamina. Funika udongo wa chungu kwa mawe makubwa asiyoweza kumeza.

Jike anahitaji kitu kimoja zaidi: beseni la mchanga wenye unyevu, kina sm 25 au zaidi, usioporomoka ukichimbwa. Hutaga hata bila dume, na asipopata pa kuchimba mayai hukwama tumboni na kumuua.

Kabla ya kumwingiza, endesha kizimba siku tatu kikiwa kitupu. Nyunyiza alfajiri na jioni, dakika mbili mbili, kisha adhuhuri pitisha kidole chini ya majani ya katikati na kwenye pembe za sakafu. Palipo na maji bado, punguza mimea au ongeza mteremko.