Mwanga wa kuonyesha nakshi: nilivyopanga taa na simu kwenye karakana, Lamu

Mchongo wa mlango huonekana kwa vivuli vyake. Kina chake ni milimita chache, na taa ikiwekwa nyuma ya simu inayorekodi ikaipiga mbao usoni, ua lililochongwa kwa patasi siku nzima hutoka kama limechorwa kwa kalamu. Kwa hiyo mimi hushughulikia kwanza mwanga unatoka wapi, ndipo nifikirie ni mwingi kiasi gani.

Karakana za Mji wa Kale ni ngumu kurekodia. Kuta ni nene, mlango ni mmoja, na mbele yake ni kichochoro. Ndani giza, nje kunawaka. Ukimpiga picha fundi akiwa ameupa mlango mgongo, simu italishughulikia jua la nje na fundi atakuwa kivuli kitupu. Niligeuza meza ya kazi ili mlango uwe ubavuni, nje kabisa ya picha. Mwanga wa kichochoroni ukishadunda kwenye ukuta wa chokaa wa jirani, huingia ukiwa laini na unatosha kwa kazi nyingi, hasa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Saa sita jua huwa utosini na kamba ya mwanga mkali hudondoka sakafuni. Hapo natundika bafta nyeupe mlangoni, au tunangoja saa tisa.

Asubuhi ikiwa na mawingu, au kazi ikiwa ndani zaidi, natumia taa moja kubwa: balbu ya LED ya wati 15, kwenye holda iliyofungwa kwenye fito. Naiweka ng'ambo ya meza, mbele ya fundi kidogo kushoto, ikiwa juu ya mbao kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 30 tu. Ikiwa hivyo, vivuli vya mikono na nyundo humwangukia fundi mwenyewe, na kila mfereji wa patasi hupata upande wa mwanga na upande wa giza. Simu inakaa kuliani kwa fundi. Mbao ikiwa imeshapakwa mafuta itametameta kwa taa ya namna hii. Sogeza taa ubavuni kidogo kidogo mpaka mmeto utoke kwenye lenzi.

Mbele ya balbu, sentimita 30 hivi, natundika kipande cha bafta cha mita moja. Chanzo cha mwanga kikiwa kipana, kivuli hulainika ukingoni. Hii ni kwa balbu za LED pekee. Halojeni ina moto wa kuunguza kitambaa, na karakana imejaa vumbi la mbao. Umbali nao una nguvu kuliko watu wanavyodhani: taa ikitoka sentimita 60 ikaenda 120, mwanga unaofika kwenye mbao hubaki robo. Kabla ya kununua balbu ya pili, sogeza uliyo nayo.

Balbu ya pili pia huharibu. Kila mchongo hupata vivuli viwili na jicho halijui lifuate kipi. Upande wa giza naukingia ubao mweupe wa povu, ule unaokuja ndani ya boksi la friji, kama sentimita 50 kutoka kwenye kazi. Huo unatosha kurudisha mwanga bila kuzaa kivuli kipya.

Rangi sasa. Mwanga wa mchana na balbu ya manjano havipatani: mkono upande mmoja unakuwa bluu, upande wa pili chungwa, na mvule hupoteza rangi yake kabisa. Nunua balbu yenye maandishi 6500K, yaani yenye rangi ya mwanga wa mchana, zima taa ya darini, kisha funga mpangilio wa rangi (white balance) kwenye simu. Tazama pia Ra kwenye boksi, kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi kwa usahihi: isiwe chini ya 80, na ukipata 90 ichukue, maana balbu hafifu kwa wekundu humfanya mtu aonekane mgonjwa. Ukuta wa kijani karibu na meza huirushia ngozi kijani chake. Ufunike kwa shuka nyeupe.

Upande wa simu, adui ni kujipimia yenyewe. Mbao nyeusi ikijaa kwenye picha, simu huongeza mwanga. Fundi mwenye fulana nyeupe akiinama, huupunguza. Video inakuwa inapanda na kushuka. Nabonyeza kidole pale patasi inapofanya kazi, nakishikilia mpaka kufuli litokee, halafu nashusha kipimo cha mwanga wa picha (EV) kwa 0.3 hadi 0.7. Sehemu iliyoungua kuwa nyeupe hairudi tena, ila ya giza huinuliwa baadaye.

Michirizi inayotambaa juu ya picha inatokana na umeme. Wetu ni wa 50Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Simu ikirekodi fremu 30 kwa sekunde kwa shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/60 ya sekunde, haiendi pamoja na mpepeso huo. Kwa programu ya bure kama Open Camera, kwenye simu inayoruhusu, naweka fremu 25 na shata 1/50. Mwanga ukizidi, 1/100. ISO, yaani wepesi wa simu kuhisi mwanga, najaribu isipite 800, kwani juu ya hapo chenga hula mistari myembamba ya nakshi.

Kabla ya kila kipande nafuta lenzi kwa kitambaa cha pamba. Hewa ya chumvi na vumbi la randa huweka ukungu usiouona mpaka taa iupige.

Umeme ukikatika, taa ya USB kwenye pawabenki inafaa kwa picha za karibu. Iwashe kwa nguvu yake yote, na ukitaka mwanga mdogo irudishe nyuma. Nyingi zikipunguzwa kwa kitufe huanza kupepesa na michirizi inarudi.