Baba Krismasi ana kinga, na bibi je?

Tarehe 14 Disemba 2020, zikiwa zimebaki siku 11 kufika Krismasi, mtaalamu wa Shirika la Afya Duniani, Maria Van Kerkhove, aliulizwa na waandishi wa habari kuhusu usalama wa Baba Krismasi, naye akajibu kwa utulivu kwamba mzee huyo, pamoja na umri wake mkubwa, ana kinga dhidi ya virusi vya korona, na kwamba viongozi wa nchi mbalimbali wamekubali kumruhusu apite katika anga zao. Aliwakumbusha watoto jambo moja tu, kwamba wasimsogelee. Habari hiyo ilitufikia sebuleni kwetu Tabata, Dar es Salaam, wakati wa chakula cha usiku. Binti yangu, aliyekuwa na miaka minane, aliisikiliza hadi mwisho, akaweka kijiko chini, akaniuliza: “Baba, na bibi je?”

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia amalize kula.

Majibu ya namna ile yalitolewa na wakubwa wengi mwaka huo, na mimi siyadharau. Waziri Mkuu wa Italia wakati huo, Giuseppe Conte, alimjibu hadharani mtoto wa miaka mitano aliyekuwa na hofu kwamba Baba Krismasi atazuiwa njiani. Alimhakikishia kwamba mzee ana kibali cha kusafiri kokote duniani, akasifu wazo la mtoto huyo la kumwekea kitakasa mikono chini ya mti. Nchini Ireland, Waziri wa Mambo ya Nje, Simon Coveney, alilieleza bunge kwamba Baba Krismasi hatalazimika kukaa karantini ya siku 14. Watu hao walikuwa na kazi nzito mezani, lakini walitambua kwamba hofu ya mtoto inastahili kujibiwa na mkubwa mwenye mamlaka.

Nyumbani kwetu, hata hivyo, Baba Krismasi ni picha tu kwenye karatasi ya zawadi. Tunakata tawi la mvinje, tunalipamba kwa maputo na pamba, basi. Krismasi ambayo watoto wangu huihesabia siku tangu Oktoba ni safari ya kwenda Marangu, Kilimanjaro, kwa mama yangu: kuamshwa saa tisa usiku, foleni ya Ubungo kungali giza, machungwa ya Segera, milima ya Usambara na baadaye ya Upare ikiwafuata upande wa kulia, na mwisho wa yote bibi amesimama getini na kitenge chake begani, mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ukiwa tayari jikoni na binamu saba wakigombania godoro moja. Mtoto aliyelelewa hivyo hawezi kutulizwa na habari za mzee wa Ncha ya Kaskazini.

Mwaka ule tuliamua kutokwenda. Mama alikuwa na miaka 71, ana presha na kisukari, na mke wangu, ambaye anafanya kazi ya uuguzi, hakutaka hata kulijadili jambo hilo mara mbili. Hakuna aliyetukataza kusafiri, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Shule zilizofungwa tarehe 17 Machi zilikuwa zimefunguliwa zote kufikia tarehe 29 Juni. Makanisa yalijaa, mabasi yalijaa, na takwimu za wagonjwa zilikuwa hazitangazwi tena. Watoto waliwaona majirani wakipakia mabegi na ndoo za mafuta ya kula kwenye bajaji kuelekea stendi, wakatugeukia sisi kutaka kujua kwa nini wao wanabaki.

Niliwaambia nauli imepanda. Nilidhani nawalinda. Siku mbili baadaye binti yangu alinisikia nikizungumza na dada yangu kwenye simu, nikisema, “tusimpeleke mama huko,” yaani kwenye hatari, na akili yake ikaunganisha vipande vilivyokuwepo: baba amedanganya kuhusu nauli, baba ananong’ona kuhusu bibi, kwa hiyo bibi amekufa na sisi tunafichwa. Alilala na wazo hilo usiku mzima bila kumwambia mtu. Asubuhi mama yake alimkuta amekaa nyuma ya nyumba, amekumbatia sweta ambalo bibi alimfumia, akilia bila sauti.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu bado linaniuma, na kwa sababu nilikuwa nimepata onyo mapema. Mwezi Machi, shule zilipofungwa, watoto walirudi nyumbani bila kuambiwa lolote la maana, wakaona tumeweka ndoo ya maji tiririka mlangoni, wakafundishwa kusalimiana kwa viwiko, wakaona watu wazima wakijifunika mablanketi na kujifukiza nyungu. Kila mtu aliwapa amri, maelezo hawakupata. Mtoto asiyepewa maelezo hujitungia yake, na yale anayoyatunga huwa mabaya kuliko ukweli.

Jioni hiyo nilitandika mkeka barazani, nikawapigia bibi simu ya picha ili kwanza wamwone akiwa mzima, akipepeta maharage. Kisha nikaomba radhi kwa ile habari ya nauli. Niliwaambia kwamba ugonjwa huu huwaelemea zaidi wazee na wenye maradhi kama ya bibi, na kwamba mtu anaweza kuubeba bila kuumwa hata kichwa. Hapo mdogo, wa miaka mitano, akaniuliza kwa sauti ndogo: “Kwa hiyo mimi nina korona?”

Swali hilo sikuwa nimelitarajia, nami nawasihi wazazi wenzangu wajiandae nalo kabla ya kufungua mdomo. Tukimweleza mtoto kwamba anaweza kumwambukiza bibi, tunamtwika hatia ya jambo ambalo halijatokea. Nilimwuliza kama amewahi kuona daladala ya Buguruni jioni, watu wanavyoingia hadi kupitia madirishani bila kumwomba dereva ruhusa. Akasema ndiyo. Nikamwambia kirusi nacho huingia hivyo hivyo. Dereva hana kosa, ila akijua gari limejaa abiria asiowajua, haliingizi uani kwa bibi. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama abiria hao hushuka. Nikamwambia ndiyo, hushuka, ila huchukua siku kadhaa.

Baada ya hapo tulipitia Krismasi yetu kipande kwa kipande, watoto wenyewe wakiamua kipi kinaweza kuhamia Tabata. Godoro la binamu halikuwezekana, na tulikubali kulihuzunikia badala ya kujifanya halina maana. Ibada iliwezekana, kwa sababu kanisani kwetu kulikuwa na viti nje chini ya turubai. Sahani ya pilau kwa majirani zetu Waislamu iliwezekana pia, maana wao nao walitukumbuka wakati wa Idi.

Wazo la isale lilitoka kwa binti yangu. Kwetu Uchagani, jani la isale ni ishara ya amani na ya kuomba msamaha. Aliyekosewa akipelekewa isale si rahisi kukataa. Alikuwa amemsikia bibi akisimulia, na aliona kwamba kutokwenda kwetu ni kosa linalohitaji isale. Nilitaka kumwambia kwamba hatujamkosea bibi, lakini mke wangu alinikanyaga mguu, nami namshukuru kwa hilo, kwani mtoto alikuwa amepata kitu cha kufanya kwa mikono yake. Mtaa wa pili kuna nyumba yenye masale yaliyopandwa kama pambo. Tuliomba tawi moja, tukalifunga kwenye gazeti lililoloweshwa, tukaliweka katika kifurushi pamoja na kitenge, sukari na barua mbili, tukamkabidhi kondakta wa basi.

Bibi alikipokea tarehe 23. Hakucheka. Alipiga simu, akamwita mjukuu wake kwa jina kamili, akamwambia kwa Kichaga kisha kwa Kiswahili kwamba isale limefika na neno limekwisha. Basi lililofuata lilituletea mkungu wa ndizi mshare, na siku ya Krismasi tulipika mtori huku simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi na bibi akituelekeza kutoka Marangu, akilalamika kwamba nyama tumeikata vipande vidogo mno.

Naandika haya Disemba ya mwaka 2021. Chanjo zilizinduliwa na Rais Samia tarehe 28 Julai mwaka huu, na mama alipata dozi yake moja mwezi Agosti. Sisi wawili tulifuata. Mwishoni mwa Novemba ikatangazwa aina mpya ya kirusi cha korona, Omicron, na mjadala wa kusafiri ukaanza upya mezani. Safari hii watoto walikuwepo tangu neno la kwanza. Binti yangu aliuliza kama sasa bibi ana kinga kama Baba Krismasi. Nilimjibu kwamba ana kinga inayompunguzia sana hatari ya kuzidiwa, lakini haimzuii kuambukizwa, na ndiyo maana tutavaa barakoa ndani ya basi mwanzo hadi mwisho, tutakaa naye barazani penye hewa na siku za mwanzo tutamwamkia kutoka mbali. Amekubali. Amesema shikamoo haihitaji kushikana mikono.

Tunaondoka keshokutwa kutoka stendi ya Mbezi. Lile tawi bibi alilichomeka kando ya geti, likashika mizizi, na kila Jumapili watoto huuliza kwenye simu limefika wapi. Yeye hujibu kwamba limefika kiunoni. Mdogo haamini, na jana usiku nilimkuta akiingiza rula yake ya shule kwenye begi ili akalipime mwenyewe.