Siku moja maishani mwangu: kuhamisha godauni kutoka daftari hadi simu

Saa 11 alfajiri. Navuka Likoni, hapa Mombasa. Feri kwa waendao kwa miguu ni bure. Unacholipa ni kubanwa mbavu.

Saa 2 asubuhi, Shimanzi. Tunasimama mlangoni dakika chache kabla malori hayajaingia. Mizigo sasa inaandikwa kwenye simu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwavusha wenzangu. Vijana wanapiga kelele, mara chaji, mara bando. Hao hawanisumbui. Karani wetu mkongwe amenyamaza, na huyo ndiye wa kufuatwa.

Saa 4, chai na mahamri. Namfuata mezani kwake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hiyo simu yako yalijua gunia lililolowa?”

Anafungua daftari. Nyota nyekundu ni gunia lililotoboka. Duara ni lililopata maji. Mstari mara mbili ni mteja ambaye lazima uhesabu naye, akiona kwa macho yake. Programu yetu ina “imeingia” na “imetoka”, basi. Wengi wangesema mzee anapinga mabadiliko. Mimi naona ametukagulia programu bila malipo.

Saa 7. Nampigia fundi aongeze sehemu ya hali ya mzigo. “Kesho,” asema. Kesho ya mafundi sote twaijua, kwa hiyo namwomba meneja daftari na simu viende sambamba kwanza.

Saa 9. Lori la mchele. Kijana mwenye simu na mzee wanabishania hesabu, sauti juu. Mwanasaikolojia Bruce Tuckman aliandika mwaka 1965 kwamba vikundi hukutana, huvurugana, huelewana, ndipo vikachapa kazi. Siwaamui upesi, wanahesabu upya pamoja, na kijana anajifunza zile alama.

Saa 12 na nusu jioni, darasani mjini. Leo ni John Kotter, mtaalamu wa uongozi aliyeorodhesha mwaka 1995 makosa manane yanayoangusha mabadiliko. Moja ni kukosa kundi lenye nguvu la kuyasukuma. Mwalimu anataka kila mtu ataje atakaowaweka kwenye kundi lake. Namtaja karani.

“Lakini hana cheo,” apinga dada mmoja wa hotelini.

“Dada yangu, kibarua akifiwa, huenda kwake kwanza. Kwa meneja huenda na barua aliyoandikiwa na yeye.”