Spika Iliyochanika ya Kwaya

Mwaka 1994, kijana wa Dar es Salaam aliyetaka kujulikana kwa muziki alikuwa na njia mbili zilizo wazi. Ya kwanza ilikuwa muziki wa dansi, ambao OTTU Jazz na DDC Mlimani Park walikuwa wameufikisha mahali ambapo gitaa la solo, la rithimu na la besi yalijibizana kwa ufundi wa miaka mingi, na hakuna bendi ya namna hiyo ambayo ingempa mwanafunzi wa kidato cha tatu gitaa lake ajifunzie. Ya pili ilikuwa kurapu. Radio One ilikuwa imeanza matangazo yake mwaka huohuo, kundi la rapu la Kwanza Unit lilikuwa likizungumzwa vijiweni, na shuleni kwetu kila darasa lilikuwa na wakali wake waliotema mistari wakati wa mapumziko huku wenzao wakiwapigia meza. Sisi wanne tulioanzisha bendi ya roki hatukuwa na pa kuingilia katika njia yoyote kati ya hizo.

Mpiga gitaa wetu alikuwa na kigugumizi kikali, kiasi kwamba walimu wengine waliacha kabisa kumuuliza maswali. Mpiga drams alikuwa msichana aliyerudia darasa baada ya kuugua muda mrefu. Rika lake lilikuwa limekwisha kupanda kidato, naye alikaa peke yake kwenye dawati la nyuma. Mwimbaji alikuwa amehamia kutoka Songea, na lafudhi yake ilichekwa kila aliposimamishwa kusoma. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kwenye kwaya ya vijana ya usharika wetu wa Kilutheri baada ya sauti yangu kubadilika na kukataa kutulia, si katika sauti ya tatu wala ya nne. Hakuna kati yetu aliyekuwa na kipaji cha muziki, na tulilijua hilo vizuri. Lakini tulitaka kupiga muziki kwa hamu ambayo hadi leo sijui niifananishe na nini.

Roki ilitufikia kwa kanda moja ambayo binamu wa mpiga gitaa wetu, aliyekuwa akisoma Nairobi, alimletea likizoni. Upande mmoja wote ulikuwa nyimbo za Nirvana, bendi ya roki ya Marekani. Mwimbaji wao, Kurt Cobain, alikuwa amefariki mwezi Aprili mwaka huo, habari ambayo sisi tuliipata pamoja na kanda yenyewe, kwa hiyo tangu mwanzo tulimsikiliza kama mtu aliyekwisha kuondoka. Kilichotushika ni kwamba sauti yake ilikwaruza na kukatika, na hakuna aliyejaribu kuificha.

Vyombo tuliviomba kwa mwalimu wa kwaya, yuleyule aliyenipunguza. Ilikuwa Jumamosi, wakati wa mgawo wa umeme, kwa maana maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yamepungua sana na mtaa wetu ulipata umeme kwa zamu. Siku hiyo ulirudi saa nane mchana, nasi tukamkuta stoo ya kanisa akifuta vumbi kwenye kinanda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, wanangu. Mnataka kujifunza pambio gani?"

Mwimbaji wetu akamjibu kwamba hatukutaka pambio, tulitaka roki. Mwalimu akauliza roki ndiyo ipi, nasi tukamwekea ile kanda kwenye redio yake. Aliusikiliza wimbo mzima akiwa amesimama, mkono juu ya redio, bila kutingisha kichwa wala kukunja uso. Ulipokwisha akasema, "Huyu kijana analia." Kisha akaenda pembeni, akaondoa kitambaa kilichofunika amplifaya ndogo ambayo kwaya ilikuwa imeiacha kuitumia, akasema hiyo tungeweza kuichukua, kwa sababu karatasi ya spika yake ilichanika na kila kinachopigwa humo hutoka kimekorogeka.

Mpiga gitaa alichomeka waya, akabana kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ya vidole vitatu aliyofundishwa na binamu yake, akapiga. Ulitoka mngurumo mzito, uliotetemesha madirisha ya stoo, nasi tukatazamana kwa furaha. Ila hapakuwa na wimbo ndani yake. Noti ziligombana zikawa kelele tupu. Alijaribu tena na tena. Mwalimu, ambaye tulidhani angetufukuza, alivuta kigoda akakaa mbele ya gitaa na kuvitazama vile vidole kwa muda. "Acheni mi," alisema, akimaanisha noti ya tatu ya solfa, ile ya do, re, mi. "Pigeni do na so peke yake." Akakiinua kidole kimoja cha mwenzetu kwa mkono wake mwenyewe na kuvihamisha viwili vilivyobaki: cha shahada kwenye uzi mnene, cha pete freti mbili mbele kwenye uzi unaofuata.

Safari hii ngurumo ilitoka imesimama wima. Mwalimu alitueleza kwamba mi ndiyo inayoamua kodi iwe ya furaha au ya huzuni, lakini katika spika iliyochanika inagombana na wenzake, ilhali do na so zinabebana hata sauti ikikwaruza namna gani. Hakuwa amewahi kupiga roki maishani mwake. Alifikiri tu kwa solfa yake ya kwaya, na akaifikia njia ileile ambayo wapiga gitaa wa roki wa Uingereza na Marekani wanaitumia. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Dave Davies wa kundi la The Kinks, mwaka 1964, alichana kwa makusudi karatasi ya spika yake kwa wembe ili apate mkwaruzo huo. Kwetu wembe haukuhitajika. Kitu ambacho kwaya ilikihesabu kuwa kibovu ndicho hasa tulichokuwa tukikitafuta, na kwa vidole viwili tu hata asiye na kipaji aliweza kuanza.

Ikabaki kuanza pamoja. Mpiga gitaa ndiye aliyeujua wimbo kuliko sote, kwa hiyo ilikuwa haki yake kuhesabu. Akasema "moja", kisha akakwama kwenye "mbili". Tulisubiri. Shuleni, muda kama huo ungejazwa na vicheko, lakini pale stoo hakuna aliyecheka wala aliyemmalizia neno. Alijaribu tena, akakwama palepale. Msichana akainua fimbo zake za drams, akamtazama usoni mpaka naye akaitikia kwa kichwa, akazigonganisha mara nne juu ya toazi. Tukaingia wote.

Sitasema kwamba tulipiga vizuri. Mimi niliifuata do kwenye besi na mara nyingi nilichelewa, mwimbaji hakujua maneno ya ubeti wa pili, na tulimaliza kila mtu kwa wakati wake. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeweza kwenda peke yake, tuliangaliana mikono kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mimi sikuwahi kutazamwa hivyo kwenye kwaya wala darasani, kwa kuhitajiwa.

Mwalimu alitupa Jumamosi, kuanzia saa nane hadi saa kumi kama umeme upo, kwa sharti kwamba tutabeba vyombo vya kwaya siku za mikesha. Tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje, msichana alidai tuweke kanuni moja kabla hata ya kutafuta jina: mtu asiondolewe kwa sababu hajui. Nikamuuliza ingekuwaje akija anayejua kweli.

"Atatungoja," alisema.

Mwimbaji akaiandika kanuni hiyo kwenye karatasi ya ganda la kanda, chini ya orodha ya nyimbo, na sote wanne tukatia sahihi.